Shaba, Mafuta na Ufunguo wa Jirani

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, anayetegemea njia ya adui?

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 24, 1964, ilikuwa tajiri wa shaba lakini haina bahari. Shaba ilitoka, na mafuta yakaingia, kwa njia ya kusini kupitia Rhodesia ya walowezi. Kwa mahesabu ya fedha, njia ilikuwa nzuri tu. Novemba 11, 1965, Ian Smith akajitangazia uhuru wake. Desemba Uingereza ikamwekea vikwazo vya mafuta, naye akawakatia Wazambia.

Ikawa kizaazaa. Mapipa ya mafuta yakapakiwa kwenye ndege Dar es Salaam. Hebu fikiria, ndugu msomaji: ndege inakunywa mafuta ili ibebe mafuta! Malori nayo yakapambana na vumbi na matope, katika barabara iliyobatizwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu.

Kaunda na Nyerere wakaamua kutafuta njia yao. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, likakamilika 1968. Reli ilikuwa kazi kweli kweli, maana Benki ya Dunia ilishasema hailipi. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, na 1976 TAZARA ikakabidhiwa: kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Wataalamu walihesabu tani na fedha. Viongozi walihesabu pia nani ameshika ufunguo. Lakini mlango mmoja nao hautoshi. Mwaka 1973 Smith alifunga mpaka. Alipoufungua, Kaunda akakataa kurudi. Mwaka 1975 vita vya Angola vikakata reli ya Benguela. Mzigo mkubwa ukaielemea Dar es Salaam, bandari ikafurika. Oktoba 1978, mvua zinakaribia na mbolea imekwama, Kaunda akameza mate machungu, akaifungua tena njia ya kusini.

Wapo walioona kasalimu amri. Mimi sioni hivyo. Mahindi hayangoji siasa. Na jamani, tofauti ipo: mwaka 1965 mlango ulifungwa na Smith, mwaka 1978 aliyeufungua ni Kaunda mwenyewe, huku ule wa Dar es Salaam ukiwa bado wazi.