Gangilonga na Vilima vya Wenye Nafasi

Kutoka Miyomboni, katikati ya mji wa Iringa, hadi Gangilonga ni mwendo wa miguu tu, ila ni wa kupanda. Maduka yanakwisha, miti inaanza, na kelele za bajaji zinabaki chini. Nyumba zimekaa kwa nafasi kwenye mteremko, nyingine zikiyazunguka majabali ambayo hakuna fundi aliyethubutu kuyang'oa. Kuna ua ambao ukuta wake unafika kwenye jabali na kukomea hapo: jabali lenyewe limemalizia kazi, na siku ya jua wenye nyumba huanika juu yake nguo na mahindi.

Juu ya mtaa ndipo lilipo jiwe lililoupa jina. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akija hapo kutafakari, na kwamba jiwe ndilo lililomtahadharisha kuhusu Wajerumani. Ukisimama juu yake unauona mji wote, kuanzia mabati ya sokoni hadi vilima vya ng'ambo. Jioni watu hupanda kutazama jua likizama na kupiga picha.

Mandhari hayo ndiyo yanayopandisha bei ya kiwanja, na ni haki mtu ayapende. Lakini katika nchi hii ya Wahehe, kukaa juu lilikuwa jambo la vita kabla halijawa jambo la starehe.

Makao ya Mkwawa yenyewe yalikuwa Kalenga, ukingoni mwa Ruaha Mdogo, ndani ya ngome ya mawe. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wake walikivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo, wakamuua kamanda huyo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani hawakusahau. Oktoba 1894 walirudi na mizinga, wakaipiga Kalenga, na tarehe 30 wakaitwaa. Mkwawa aliponyoka, akaendeleza vita vya porini kwa karibu miaka minne, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu.

Vita hivyo vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1896, afisa wa Kijerumani Tom von Prince aliweka kituo kipya cha jeshi kwenye uwanda ulioinuka juu ya Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa tunaoujua ulianzia kwenye kituo hicho. Aliyekumbuka Lugalo hakutaka kulala bondeni. Alitaka kumwona kila anayekuja. Boma lililojengwa na Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho, bado limesimama mjini kama ushahidi.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kukaa juu kukawa suala la ngozi. Miji ya Tanganyika iligawanywa: uzunguni, uhindini, uswahilini. Mzungu alipewa hewa safi na eneo pana, Mhindi akakaa karibu na duka lake, Mwafrika akabanwa pembeni. Nyumba za Wazungu wa nyanda za juu zilijengwa na meko ya kuotea moto sebuleni, maana baridi ya Juni na Julai huku si ya mchezo. Iringa ilivutia hata walowezi wa Kigiriki waliolima tumbaku.

Mbeya inaonyesha mgawanyo huo waziwazi zaidi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikiwavuta watu. Ulijengwa chini ya mlima Loleza, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na hadi leo wakazi wanazitaja Uzunguni na Uhindini bila kufikiria aliyezipa majina hayo. Wakazi wengi wamejaa Mwanjelwa na mitaa ya jirani, huku nyumba za zamani za serikali zikibaki kwenye vivuli vya miti mikubwa.

Baada ya uhuru, watumishi wa serikali yetu wenyewe ndio walioingia katika nyumba za namna hiyo. Kisha, miaka ya mwanzoni mwa 2000, serikali iliuza nyumba zake nyingi nchini kwa watumishi wake. Rangi ikaacha kuwa kigezo, fedha na cheo vikabaki. Leo mmiliki wa nyumba kilimani anaweza kuwa daktari, mfanyabiashara au mstaafu aliyejenga kidogo kidogo, na sioni sababu ya kumwonea kijicho.

Ninachokihofia ni jiwe. Nyumba zimelisogelea, na kila mwenye kiwanja anapenda ukuta. Mtoto wa Kihesa au Mlandege ana haki ileile ya kulipanda bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu liliwahusu babu zake kabla ya hatimiliki yoyote kuandikwa. Kwa hiyo njia ya kulifikia ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka, na iingizwe kwenye ramani za manispaa kama njia ya umma, sasa hivi, wakati bado kuna nafasi ya kupita.