Kesi ya zamani na visa ya nje: kosa lililofutwa bado linaulizwa

Mtu alipigana Kadutu akiwa na miaka 22. Mahakama ikamuhukumu, akafungwa miezi miwili na kulipa amande. Leo ana bibi na watoto, na ndugu yake wa Canada anamuita. Je, ile kesi itamfungia njia?

Kwanza, ilifutwa namna gani? Msamaha wa Rais (grâce), wa kifungu cha 87 cha Katiba, unapunguza ao kuondoa adhabu, lakini hukumu inabaki. Amnistie ni sheria ya Bunge na inafuta hukumu yenyewe. Ile ya tarehe 11 Februari 2014 ilihusu uasi, vita na makosa ya kisiasa, si wizi wa sokoni wala ugomvi wa pombe. Kwa makosa hayo kunabaki réhabilitation, yenye kuombwa mahakamani kisha adhabu kuisha, kwa mtu mwenye mwenendo mzuri.

Kufutiwa kunasaidia kupata casier judiciaire safi. Lakini nchi ya kwenda ina maulizo yake. Fomu DS-260 ya Marekani inauliza kama mtu aliwahi kukamatwa ao kuhukumiwa, hata kama alipewa msamaha ao amnistie. Mwenye kujibu "hapana" juu casier yake ni safi, amedanganya.

Na uongo unaweza kuumiza kuliko kosa. Sheria ya Marekani inaachilia kosa moja dogo, kama adhabu yake ya juu haipite mwaka 1 na mtu hakupewa zaidi ya miezi 6. Lakini kudanganya kwa kusudi kunaweza kumfungia mtu mlango maisha yote. Canada, mwenye kudanganya anakatazwa miaka 5. Lakini mwenye kusema ukweli anaweza kuomba Canada réhabilitation yake kisha miaka 5 tangu adhabu yote ilipoisha.

Kabla ya kujaza fomu, ni vizuri kutafuta kopi ya hukumu kwa greffe, risiti ya amande na karatasi ya kutoka gerezani, kisha kuonana na avoka. Majibu yawe sawasawa kwa fomu na kwa mahojiano.

Wale wanaouza casier "safi" pembeni ya ofisi wanauza kosa la pili. La kwanza lilikuwa la ujana. Hili la pili litakuwa la mtu mzima.