Kufuta lebo au kuibandua?

Wanaoandika maelezo ya zana za mawakala wa akili unde, zile programu zinazosimamia hifadhi za msimbo kwa niaba ya watu, hutumia kitenzi kimoja kwa kila kitu: futa faili, futa tawi, futa lebo. Kwa lebo, kitenzi hicho kinapotosha. Katika Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, lebo ni jina linaloelekeza kwenye hatua fulani ya kazi, mara nyingi toleo kama v1.0. Likiondolewa, msimbo haufutiki papo hapo. Na hata ukiliondoa kwenye seva, nakala za wenzako hubaki nalo. Kiswahili kina jozi iliyo tayari: kilichobandikwa hubanduliwa, na kilichokuwa chini yake hubaki.

Mtu atasema watumiaji wa simu wamekwisha kuzoea futa. Ni kweli, lakini binadamu akisita huuliza, ilhali wakala anaweza kutenda mara moja kwa maelezo aliyopewa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bandua inaificha hatari: lebo ikiwa ndiyo njia pekee ya kuifikia hatua ile, Git huweza kuifagia baadaye. Hapo nakubali kuwa neno peke yake halitoshi. Waandishi wa zana hizi, andikeni bandua lebo, kisha semeni wazi inabanduliwa wapi, kwenye kompyuta au kwenye seva, na mwagizeni wakala ahakikishe kwanza kwamba ipo njia nyingine ya kuufikia msimbo huo.