Silabi Huhesabiwa kwa Sikio: Historia ya Neno "Victuals"

Lipo neno la Kiingereza, "victuals", lenye maana ya vyakula, ambalo siku hizi ni nadra kusikika. Msomaji wa Kiswahili akiliona, kwa mazoea ya lugha yake ataligawa vi-ktu-a-lsi, silabi nne. Waingereza wenyewe hutamka mbili tu: vi-tlz. Herufi c, u na a hazitamkwi. Kwa nini basi zimeandikwa?

Neno hili lilitoka Ufaransa likaingia Uingereza katika Zama za Kati, nalo katika mashairi ya Chaucer, karne ya 14, lasomeka "vitaille". Halikuwa na c katika maandishi wala katika matamshi. Baadaye, hasa katika karne ya 15 na ya 16, wataalamu waliokitukuza Kilatini walikumbuka kuwa asili yake ni "victualia", wakaitia c. Kadhalika walitia b katika "debt" na "doubt". Kalamu ilitii, ulimi haukutii. Hata idara iliyowalisha wanamaji wa Uingereza tangu 1683 hadi 1832 iliandika c hiyo katika jina lake, lakini haikuitamka.

Mzigo ukawaangukia watunga kamusi. Samuel Johnson, mwaka 1755, alionyesha mkazo tu. John Walker, mwaka 1791, ilimbidi aandike neno mara mbili: kwanza kwa tahajia yake, kisha kwa matamshi, likiwa limegawanywa kwa silabi.

Yafaa tutambue pia kuwa silabi ya pili ya neno hilo haina irabu. Sauti l ndiyo iibebayo, kama vile m iibebavyo silabi ya kwanza ya m-tu. Kumbe mwanafunzi wetu anao ufunguo wa neno hilo kinywani mwake.

Kiswahili nacho kilijaribiwa. Wapo walioandika "khabari" na "kheri" kwa heshima ya asili ya Kiarabu, na wapo waliotamka hivyo kwa haki. Usanifishaji ulioanza mwaka 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ulituachia tahajia ifuatayo sauti: ha-ba-ri, he-ri. Walimu wenzangu, hiyo ni amana. Asili ya neno tuifundishe darasani kwa fahari, lakini tusiiandike mahali ambapo ulimi hauitamki.