Kufuli la U na Kalamu ya Biki

Kufuli la baiskeli lenye umbo la herufi U, yaani chuma kinene kilichopindwa na kufungwa kwa nondo inayokingama miguuni pake, lilienea kutoka jimbo la Massachusetts nchini Marekani katika miaka ya 1970, wakati ambapo watu wazima walikuwa wameirudia baiskeli kwa wingi na wezi walikata minyororo na nyaya zake kwa mkasi wa kukatia vyuma. Michael Zane, aliyeanzisha kampuni ya Kryptonite mwaka 1971, alijenga sifa ya kufuli hilo kwa jaribio la mwaka uliofuata, ambapo baiskeli ilifungwa katika mtaa wa Greenwich Village, New York, ikaachwa hapo kwa siku 30. Wezi waling'oa kila kilichong'oleka, ila fremu iliyoshikwa na kufuli walishindwa kuiondoa.

Kwa kuwa mkasi haukufua dafu, wezi waligeukia nafasi tupu iliyomo ndani ya U, wakapenyeza humo bomba refu au jeki ndogo ya gari na kukitanua chuma mpaka kiachie. Watengenezaji nao walipunguza nafasi hiyo na kuongeza ugumu wa chuma, lakini katika kushughulikia mwili wa kufuli walilisahau tundu la ufunguo, na kosa hilo liliwagharimu kuliko jeki zote.

Makufuli mengi ya aina hiyo yalitumia silinda ya duara, ambayo pini zake, yaani vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi, hupangwa kwa mzunguko, na ufunguo wake ni kibomba chenye mikato inayoisukuma kila pini kwa kina chake. Ilitokea kwamba kalamu ya kawaida ya biki ina bomba la plastiki lenye kipenyo kinachokaribia sana cha ufunguo huo, na plastiki ile, kwa ulaini wake, hubonyea palipo na pini na kujichonga yenyewe kuwa ufunguo. Udhaifu huu ulikwisha kuandikwa katika jarida la waendesha baiskeli nchini Uingereza mwaka 1992, bila kuzua tafrani yoyote. Ilipofika Septemba 2004, video zilipoonyesha jambo lilelile kwenye intaneti, Kryptonite ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli zaidi ya 300,000 bila malipo. Haielekei, basi, kwamba kampuni hiyo iliponzwa na ugunduzi mpya; iliponzwa na kasi ya habari.

Silinda za duara ziliachwa, zikachukuliwa nafasi na zile za visahani, ambazo kalamu haiziwezi. Mwizi wa leo, hata hivyo, hahangaiki na tundu. Hubeba grainda ya betri, mashine ya mkononi yenye kisahani kinachozunguka kwa kasi, ambayo hukata chuma kigumu kwa muda wa dakika moja hivi, huku kelele na cheche zake zikiwapita watu wanaodhani kuna fundi kazini. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wameanza kulivika kufuli mchanganyiko wa kauri unaokila kisahani hicho kabla hakijaufikia moyo wa chuma, na mwenye grainda hana budi kuja na visahani vya akiba na betri ya pili.