Mashine Iliyomshinda Bingwa Ikafungiwa

Leo tutasoma habari ya mashine ya Marekani iliyocheza sataranji. Mchezo huu huchezwa juu ya ubao wenye miraba 64. Kila mchezaji ana kete 16, na kazi yake ni kumtega mfalme wa mwenziwe hata akose pa kukimbilia. Hauna bahati ndani yake, kama vile bao letu.

Kampuni ya IBM ilitengeneza kompyuta, ikaiita Deep Blue. Uzito wake ulipita tani moja. Iliweza kupima hali milioni 200 za mchezo kwa sekunde moja. Msidhani ilifikiri kama mtu. Ilihesabu tu: nikienda hapa, atakwenda pale.

Februari 1996, mjini Philadelphia, ilipambana na Garry Kasparov wa Urusi, bingwa wa dunia. Mashine ilishinda mchezo wa kwanza, lakini mwisho wake Kasparov alipata pointi 4, mashine 2. Wakarudiana New York mwezi wa Mei 1997. Safari hii mashine ilipata 3½, Kasparov 2½. Mchezo wa sita ulikwisha kwa hatua 19 tu.

Hapo ugomvi ukaanza. Katika mchezo wa pili Kasparov alikubali kushindwa. Baadaye wajuzi wakachungua, wakaona kwamba angaliweza kupata sare. Tena mashine ilikuwa imecheza kwa namna aliyoiona ni ya kibinadamu, akashuku, akataka kuonyeshwa hesabu zake. Kampuni ilizitoa baadaye, na hila haikuonekana. Lakini alipoomba marudiano, kampuni ilikataa. Deep Blue haikucheza tena.

Je, kampuni ilikosa? Wako wasemao la. Mashine ni mali yake, na kazi ya kampuni ni biashara, si michezo. Kasparov naye aliyakubali masharti kabla ya kuketi, na aliyeshindwa alitengewa dola 400,000. Maneno hayo ni ya kweli, nami siwezi kuyakanusha.

Lakini tazameni jambo lililotokea Hong Kong mwaka 1995. Kompyuta zilikutana huko kushindania ubingwa wa dunia wa kompyuta. IBM ilipeleka mashine iliyoitangulia Deep Blue, na wengi waliitazamia ishinde. Ikafungwa na Fritz, programu iliyokuwa ikiendeshwa katika kompyuta ndogo ya mezani, ya namna ambayo mtu aliweza kuinunua dukani! Fritz ndiyo iliyotwaa ubingwa. Bila shaka IBM iliona aibu, lakini sisi tulijifunza kitu. Katika uwanja wa wazi mwenye mashine hachagui mpinzani, wala siku, wala idadi ya michezo. Michezo sita na mtu mmoja, tena aliyekwisha kuingiwa na wasiwasi, ni kipimo kidogo mno. Kwa hiyo mimi naona kampuni ikitangaza ushindi mbele ya dunia, ina deni la kurudi uwanjani.

Wala si IBM peke yake. Mwaka 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, ilicheza michezo 100 na Stockfish, programu yenye nguvu sana. Ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikufungwa hata mmoja. Ni ajabu kubwa. Lakini michezo hiyo ilichezwa nyumbani kwake, kwa masharti yake. Wafuasi wa Stockfish walilalamika, na AlphaZero haikuletwa katika mashindano ya wazi.

Na Deep Blue? Ilikuwa makabati mawili meusi, marefu kuliko mtu. Moja likapelekwa katika jumba la makumbusho mjini Washington, la pili California. Yote mawili yamezimwa.

Sasa fungueni madaftari yenu, mwandike: kama ningalikuwa mwenye kampuni, ningalimjibu Kasparov nini?