Siku ya Mashujaa (Tanzania)

Siku ya Mashujaa huadhimishwa nchini Tanzania tarehe 25 Julai kila mwaka kuwakumbuka waliokufa wakiitetea nchi. Si siku ya mapumziko, hivyo wengi hupitwa nayo. Katika maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na Mkuu wa Majeshi huweka sime.

Wengi wanaokumbukwa walikufa katika Vita vya Kagera (1978–1979), ambapo mgambo walipigana pamoja na askari wa JWTZ. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mwanafunzi anayetafuta habari za wapiganaji wa Bariadi aanzie Shinyanga.

Baadhi ya waliokufa walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kutoka Bariadi ni safari ya kulizunguka ziwa.